Kulwa, Doto na Geti la Jirani

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na robo usiku,
Isevya, chumba cha mbele,
nimefika mzinga wa mia nne na kumi na mbili
katika hesabu za ushirika wetu wa asali.
Taa ikasinzia. Kompyuta ikazima.
Haikuaga. Ikajiwasha yenyewe, ikalia
pi, pi, pi,
kioo cheusi ti.

Mihambo yuko kidato cha tatu, kwa hiyo anajua kila kitu.
"Mama, hiyo kadi ya picha. Tununue kubwa."
Kubwa ya michezo yake; nikamwelewa.
Nikamwambia: lete bisibisi.

Mimi nimekuwa mkunga miaka ishirini na sita.
Mgonjwa hatibiwi juu ya nguo.
Nikachomoa waya wa ukutani, nikafungua ubavu,
na Tabora yote ilikuwa humo:
vumbi la kiangazi, laini kama unga wa muhogo,
na kwenye feni nyuki mmoja, mkavu,
sijui alifuata nini mahali pasipo na ua.

Nikapuliza. Nikapangusa.
Nikatoa ramu, zilikuwa mbili,
nikazisugua meno ya dhahabu kwa ufutio wa shule,
nikamrudisha mmoja peke yake: kimya, kioo kikawaka.
Nikamtoa, nikamweka wa pili: pi, pi, pi.
Basi. Kulwa yu hai.
Doto ndiye aliyetutoka.

Asubuhi nikamfunga Doto kwenye leso
kama mtu atafutaye kifungo cha kufanana na vilivyobaki,
nikaenda kwa Hilali, nyuma ya soko.
Hilali ana ulimi wa muuza vitenge.
"Chukua hii mpya, mama, ina kasi."
Nikazilaza sambamba kwenye kaunta.
Pengo la mpya lilikuwa kushoto kidogo,
upana wa punje ya mtama tu,
lakini mlango ni mlango.
Nikataka ya zamani, ya pengo langu. Elfu ishirini na tano.

Akanitolea na pawasaplai mbili, namba ileile ubavuni, wati mia tano,
moja elfu thelathini, moja themanini.
Nikazipima mkononi, huku na huku.
Asali iliyotiwa maji huwa nyepesi, nani asiyejua?
Ya elfu thelathini iliinuka kama kopo tupu.
Hilali akaangalia pembeni.
Ile nzito sikuwa na fedha yake. Nikarudi na ramu.

Alhamisi, saa mbili na robo,
mzinga wa mia nne na thelathini,
ikazima tena.

"Kadi ya picha," akasema Mihambo kutoka kitandani.

Safari hii sikugusa bisibisi.
Nikaitazama taa ya darini: ilisinzia, ikaamka, ikasinzia.
Na juu ya ukuta wa ua, mwanga wa buluu
ukipigapiga mpapai.

Nikajitanda khanga nikatoka.
Kapembe alikuwa amechuchumaa juu ya geti la mtu,
akainua kinyago, jasho likimchuruzika puani.
"Kila ukichomelea bawaba," nikamwambia,
"mfugaji mmoja anapoteza mzinga."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Mchana umeme ni mdogo zaidi, akasema,
mashine haishiki, na geti lina harusi Jumamosi.

Ningemwambia nini? Na mimi nina mkutano Jumatatu.

Siku hizi anagonga ukuta kwa nyundo, mara mbili.
Nahifadhi kazi, nazima,
nakaa gizani na chai nikisikia chuma kikiungana na chuma.
Akimaliza anagonga mara moja.
Stabilaiza nitanunua asali ya Juni ikitoka,
na ile pawasaplai nzito, kama Hilali hajaiuza.

Doto yumo kabatini, kwenye leso yake.
Nyuki nilimwacha dirishani.
Mihambo bado anasema ni kadi ya picha.